Tisa Iliyojaa

"Elfu kumi na nane? Nikutolee elfu kumi na nane kwa picha uliyoniharibia?"

Mwenda alipiga meza ya kazi kwa kiganja, misumari ikaruka na kumwagika sakafuni.

"Nani ameharibu?" Ruguru aliiweka nyundo chini polepole. Alijijua. Nyundo ingebaki mkononi, ingepata kazi. "Mbao ni za mti wa mukima uliokauka, kioo nimekitoa Embu mjini kwa nauli yangu, na siku nne nimekunja mgongo hapa. Tulikubaliana elfu kumi na nane. Ukitoa, unabeba. Hutoi, inakaa hapo ukutani mpaka uote mvi."

"Mama Winrose, wacha kelele. Soma risiti yako mwenyewe."

Ruguru akatabasamu, maana hapo ndipo alipokuwa akimngojea. Soko lote la Kianjokoma lilizijua risiti zake. Hakuna aliyemfundisha kazi ya fremu. Alijifunza kwa kuvunja vioo vyake na kuvilipia, na tangu siku hizo aliapa kwamba hakuna mteja atakayemsingizia. Kila kilichoingia dukani alikiandika mpaka doa la mwisho. Akasoma kwa sauti, ili hata Osob, muuza leso wa duka la ng'ambo ya barabara, asikie:

"Picha moja ya gunia, ya zamani. Kina mama sita. Mbuzi wawili. Mnara mmoja, na mtu juu yake. Daraja moja, liko chini. Tundu la panya moja, pembeni kushoto. Watoto tisa."

"Sasa hesabu watoto."

Picha yenyewe ilikuwa ya wakati wa Hali ya Hatari, watu walipong'olewa na mkoloni mashambani na kufungiwa vijijini, kila kijiji kimezungukwa na handaki lenye mianzi iliyochongwa. Aliyeichora hakuwa na rangi. Alitumia masizi, udongo mwekundu na ile dawa ya zambarau ya vidonda, juu ya gunia la unga wa msaada. Na hakuchora bunduki hata moja. Alichora siku ya kawaida: mama anatwanga, mama anamnyoa mtoto, mbuzi anatafuna kamba ya mbuzi mwenzake, na katikati ya uwanja watoto wamesimama mviringo, wanacheza mchezo wa kupigiana makofi. Mviringo ulikuwa na pengo. Kati ya msichana mkubwa na mvulana mwenye tumbo paliachwa nafasi ya mtu mmoja, na mikono ya wale wawili ilinyooshwa kwa mtu ambaye hayupo.

Sasa alikuwepo.

Alikuwa mdogo, amegeuza mgongo, kajifunga kitu kama kipande cha gunia. Ruguru alihesabu mara mbili. Kumi.

"Nina mnunuzi anayetaka kitu cha zamani chenyewe," Mwenda alisema, "si katuni zako."

"Mimi? Mimi hata kuku siwezi kumchora akafanana na kuku!" Akaishusha fremu, akaigeuza. Misumari ya nyuma ilikuwa vilevile, gundi haijaguswa. Akaweka jicho karibu na kioo. Masizi ya yule mtoto yalikuwa yamepasuka nyufa ndogondogo kama ya wenzake. Yalikuwa ya miaka sabini.

"Ni ya nyanya yangu hiyo, Shosho Beth," Mwenda alisema, sauti imeshuka kidogo. "Niliitoa darini nikirekebisha paa. Hata hajui nimeitoa. Mfute huyo mtoto. Nakuja Jumatatu. Nikimpata hapo, hupati hata ndururu."

Akaondoka. Ruguru alibaki ameshika risiti, na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka, aliogopa mwandiko wake.

Maana aliikumbuka siku aliyoiandika. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi jioni, ukungu umeshuka kutoka msituni mpaka kwenye mabati. Winrose alikuwa ametoka shule, soksi moja juu, moja chini, ana miaka sita na pengo jipya la jino la mbele. Baba yake alienda Laare kuchuma miraa, na simu yake ilikuwa imezima tangu mwaka juzi. Kwa hiyo duka lilikuwa la watu wawili, mama na mtoto, na kila kazi waliifanya pamoja. Ruguru akanyoosha kidole juu ya gunia. "Mmoja. Wawili. Watatu..."

Watu wa huku hawahesabu watoto. Mama yake Ruguru, angekuwa hai, angempiga kile kidole. Na ikibidi kabisa, mtu akifika kumi, neno lenyewe halitaji. Anasema "tisa iliyojaa," kila mtu anaelewa, na mambo yanaishia hapo. Wazee walisema ukimtaja mtoto wa kumi kwa hesabu, kuna anayesikia na kumjia. Ruguru aliyaona hayo ni mambo ya wazee. Biashara ni biashara, na risiti ni risiti.

"...wanane, tisa."

Winrose akabandika kidole chake cha matope katikati ya lile pengo. "Na mimi wa kumi!"

Ruguru alicheka. Baadaye, katika yote yaliyotokea, ni hilo lililomkata zaidi, kwamba alicheka.

Jioni ile ile nyumba ilinuka thabai, yale majani yanayowasha, yakichemshwa bila chumvi, na hakuna aliyekuwa ameyapika. Winrose alikula sahani mbili za githeri, akalamba sufuria, kisha mama yake akamkuta amechuchumaa nyuma ya banda akitafuna mahindi makavu kutoka kopo la kuku. Ruguru akasema ni minyoo. Jumanne akanunua dawa ya minyoo. Jumatano mikono ya mtoto ilikuwa baridi kama kioo, akasema ni ukungu. Alhamisi alisikia makofi dukani akiwa anapiga randa, makofi ya mchezo wa watoto, pa-pa-pa-pa, yakizunguka, yakifika mahali yanaruka pigo moja, kimya kidogo, halafu yanaendelea. Akasema ni watoto wa barabarani. Ukiwa na kazi ya kumaliza, kila kitu kina jina.

Lakini Ijumaa hiyo, Mwenda akiwa amekwenda zake na saa imefika kumi, hakuwa tena na jina la kukipa kile alichokiona. Winrose alikuwa amesimama nje ya mlango. Haingii.

"Ingia, baridi hiyo."

"Nimeruhusiwa?"

"Nani anakukataza, wewe?"

Mtoto akatazama kizingiti, akatazama mbao zilizowekwa juu ya mtaro mbele ya duka. Akauliza kwa Kiembu cha ndani sana, Kiembu cha wazee, ambacho Winrose hakuwahi kukisema: "Daraja liko chini?"

"Liko chini," Ruguru akajibu.

Yule mtoto akavuka kwa vidole vya miguu, akipita mbali na ukingo. Alipofika ndani alishusha pumzi, akamtazama Ruguru kwa heshima, kama unavyomtazama jirani aliyekupa maji.

"Asante, mama Winrose," akasema.

Na Ruguru, ambaye aliitwa hivyo na soko zima, na kina mama wa kanisani, na Mwenda, na wenye kumdai na aliowadai, lakini kamwe, hata kwa mzaha, hata kwa hasira, hakuwahi kuitwa hivyo na mtoto aliyemzaa mwenyewe, alisimama pale na randa mkononi, akasikia nyuma yake, ndani ya fremu, chini ya kioo alichokipigilia kwa mikono yake, makofi yakianza tena, pa-pa-pa-pa, yakizunguka mviringo mzima, na safari hii hayakuruka pigo.

Alienda moja kwa moja kwa Osob.

Osob alifika mpaka mlangoni, akanusa, akajifunika pua kwa mtandio. Midomo yake ilikuwa ikisoma kitu.

"Siingii," alinong'ona. "Limo jini humo."

"Usiniambie hivyo, Osob."

"Nikuambie nini, nikudanganye? Tena ni dogo. Makubwa unayasomea yanaondoka. Madogo yanalia tu, hayasikii." Alimchungulia mtoto aliyejikunyata kando ya jiko la makaa. "Huyo hakuja kuua mtu, Ruguru. Alifungiwa nje mahali. Mlango wake alifunga nani?"

"Najuaje?"

"Mtafute. Mimi siwezi, wewe huwezi, na pasta wako hawezi. Aliyefunga ndiye afungue."

Jumamosi, yule mtoto wa pichani alikuwa amegeuka nusu. Sikio lilionekana, na shavu. Ruguru alifunika picha kwa shuka, akaketi juu ya kigoda akiilinda kana kwamba ingetoroka. Nyumbani alimpikia huyu mwingine uji, akamtazama akiunywa kwa mikono miwili, macho mlangoni. Alitaka kumchukia. Angalau apige kelele, arushe vyombo, aseme kwa sauti nzito kama majini ya kwenye hadithi. Hakufanya lolote. Alikunywa uji, akasema, "Hii ni tamu, ina maziwa," na akaacha kidogo chini ya kikombe, akakisukuma upande wa Ruguru. "Ya Winrose. Akirudi."

Jumapili, baada ya ibada ambayo hakuisikia hata neno, Ruguru alifunua shuka.

Mtoto wa kumi alikuwa amegeuka kabisa. Uso ulichorwa kwa masizi na udongo, mkono ule ule, zamani ile ile. Mdomo ulikuwa wazi, katikati ya kuita, na ndani yake palikuwa na pengo la jino moja la mbele. Miguuni, chini ya kipande cha gunia, soksi moja ilikuwa juu, moja chini.

Ruguru aliifunga picha kwa kamba mgongoni kama mzigo wa kuni, akamshika yule mtoto mkono wake wa baridi, wakapanda pikipiki mpaka kwa Shosho Beth, mwenye picha, juu kule mashamba ya chai yanapogusana na msitu.

Beth alikuwa kibarazani akichambua maharagwe. Mwanamke wa miaka sabini na minane, mgongo umenyooka, mshauri wa kina mama kanisani. Aliona kwanza kona ya fremu, akakasirika. "Mwenda! Yule mwizi ameitoa darini?" Halafu akamwona mtoto.

Mtoto alisimama getini, hakuingia. Akainamisha kichwa.

"Beth," akasema. "Umekuwa mzee."

Maharagwe yote yakamwagika.

Beth alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kanisani.

"Kijiji chetu kilifunguliwa kwa muda wa saa moja tu kwa siku," alimwambia Ruguru. "Saa kumi jioni daraja linashushwa, mnakimbia kutafuta chochote, thabai, viazi vilivyosahaulika. Sisi watoto tulitoka kumi. Mimi nilikuwa mkubwa, nina miaka minane. Igoki alikuwa mdogo wangu, ananishika nguo." Akafuta midomo. "Ukungu ulishuka. Filimbi ikapigwa, tukakimbia. Darajani nikageuka, Igoki hayuko. Yule homgadi, askari wa mkoloni lakini mtu wa kwetu, jirani yetu kabisa, akaniuliza, mko wangapi? Na mtu akikosekana, wote mnachapwa, na mama hapati unga wa juma zima."

"Ukasema nini?"

"Nikasema tisa iliyojaa."

Ruguru alielewa mara moja. Kila mtu wa huku angeelewa. Tisa iliyojaa ni kumi. Wako wote. Na baada ya neno hilo, nani atawahesabu watoto upya kwa kidole?

"Akavuta daraja," Beth alisema. "Tulimsikia ng'ambo ya handaki. Aliita jina langu, hakuita la mama. Watoto wengine walianza mchezo wa makofi, ili tusimsikie. Tukapiga makofi mpaka viganja vikavimba. Halafu akajaribu kuvuka peke yake." Akaokota haragwe moja. "Mianzi ilikuwa mipya. Baba alichora picha ile baadaye. Hakuniuliza kitu. Aliniwekea tu ile nafasi, kando ya mkono wangu, akaitundika juu ya kitanda changu."

"Shosho, mtoto wangu yumo humo ndani."

"Naona."

"Basi mtoe. Huyu aingizwe kwao, wangu atoke. Hesabu upya. Useme kumi, useme jina lake. Ni neno moja!"

Beth akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalishuka bila yeye kuyajali. "Miaka sabini sijalitaja. Nitalitaja."

Saa ilipokaribia kumi waliegemeza picha kwenye nguzo ya kibaraza. Ukungu ulikuja kutoka msituni ukiwa chini, kama maziwa yaliyomwagika, ukapita kati ya michai, ukafika getini aliposimama mtoto. Harufu ya thabai ikaja nao. Ruguru alipiga magoti mbele ya kioo mpaka pumzi yake ikakifanya cheupe, akakifuta, na nyuma ya kioo macho ya masizi yalikuwa yakimtazama yeye, si mwingine.

"Mami yuko hapa," alinong'ona. "Usiogope. Mami yuko hapa hapa."

Beth akanyoosha kidole. Hesabu ikaanza.

"Mmoja, Njuki. Wawili, Mugendi. Watatu, Susan wa kwa mhunzi." Kila jina lilipotajwa, kofi moja lilisikika, wazi, kavu, kutoka ndani ya gunia. "Wanne, Mutugi. Watano, mdogo wake. Sita..." Na kwa kila kofi yule mtoto wa getini alisogea hatua moja, uso umefunguka, mtoto anayeitwa nyumbani akale, na ndani ya picha, Ruguru aliona kwa macho yake, kidole cha Winrose kikiinuka na kugusa kioo kutoka upande wa pili, na mahali kilipogusa pakatoka mvuke, na akaweka kidole chake hapo, na palikuwa na joto, joto la mtoto wake, Mungu wangu, joto lenyewe, wakati Beth akisema wanane, Muthamia mwenye tumbo, wakati Beth akisema tisa, ni mimi mwenyewe, Beth, mkubwa wao, wakati yule mdogo wa getini akifika ngazi ya kibaraza na kunyoosha mkono aushike ule mkono wa kizee uliomwacha, na ukungu wote ukasimama ukingoja neno moja lililobaki.

Beth alifungua mdomo.

Nani atamlaumu? Mtu aliyefundishwa kwa kofi tangu titini kwamba neno lile halisemwi, aliyelea watoto, wajukuu na vitukuu bila kulitamka, ambaye ulimi wake ulizeeka ukiruka shimo lile lile kila siku. Ruguru aliona jinsi mdomo ulivyojaribu. Aliona ulimi ukipanda kulitafuta neno, ukateleza, ukarudi kwenye njia yake.

"Tisa," Beth alisema, "tisa iliyojaa."

Mbao zikalia. Sauti ya magogo yakivutwa juu kwa kamba, taratibu, yakigonga. Kidole kwenye kioo kikapoa. Ruguru alitazama pichani, na lile daraja ambalo aliliandika kwa mkono wake kuwa liko chini, lilikuwa juu.

Mtoto aliyesimama ngazini alishusha mkono wake. "Tena, Beth?" akauliza. Basi. Akakaa chini kwenye ngazi, akajikunyata, kama mtu anayejua namna ya kungoja.

Beth alianguka ubavu. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, upande mmoja umekufa, na mdomo umekwenda nao.

Jumatatu Mwenda alikuja na bahasha. Hakutazama picha. "Shika, mama Winrose. Ni elfu kumi na nane, zote. Tuyamalize."

"Weka mfukoni."

"Nilikosea, nakubali. Chukua haki yako."

"Haki yangu si hiyo. Picha inarudi kwa shosho wako. Na mimi nitakuwa nakuja."

Anakuja mpaka leo. Kila siku, robo saa kabla ya saa kumi, hufunga duka, humshika yule mtoto mkono, wakapanda kule juu. Humvalisha sweta mbili, joto halimkai. Jioni hula naye, na chini ya kikombe hubakizwa uji kidogo, na hakuna anayeuliza ni wa nani. Picha imetundikwa mbele ya kitanda cha Beth. Mtoto hukaa upande wa miguu, akimtazama dada yake. Ruguru huvuta kigoda karibu na mto, hukunjua risiti iliyochakaa mikunjoni, huisoma yote, kina mama, mbuzi, mnara, mpaka mwisho. Makofi huanza. Beth hulia kwa jicho moja, mdomo ukipinda kulitafuta neno. "Ti..." husema. "Ti..."

"Hapana, Shosho. Hilo tulishalisikia."

"Ti..."

"Sitaki pole. Sitaki maombi. Nilikuletea mdogo wako mpaka mlangoni, na mtoto wangu unaye. Sema kumi."